Pumzi Isiyofika

Jumatatu, 2 Desemba

Usaili wa wanaotaka kusomea udaktari umeanza leo. Ni majira ya baridi ya nne sasa nakaa mbele ya kompyuta katika chumba kilichokuwa cha Tormod, mume wangu, nikiwatazama watoto wa watu wakijibu maswali. Zamani tulisafiri hadi mjini, tukawaona ana kwa ana, tukanywa nao chai, tukajua nani mikono inamtetemeka. Siku hizi hakuna anayetoka kwake. Chuo kinasema ni haki zaidi hivi, maana mtoto wa mbali halipi nauli ya ndege wala hoteli. Hilo sikatai.

Kanuni hazijabadilika. Hatuambiwi mwombaji katoka wapi wala ni mtoto wa nani. Ukimtambua, unajitoa. Na ulilolisikia unalifukia moyoni, humwambii mtu. Tuliapa.

Mwenzangu wa kutoa alama ni Profesa Garside, bingwa wa moyo, Mwingereza wa kusini. Nyuma yake kuna rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa rangi. Anayepanga vitabu kwa rangi hajavisoma.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya mawe tangu asubuhi. Nafasi yangu imetangazwa kwa mara ya tatu na hakuna aliyeiomba. Nitastaafu Pasaka, na upande huu wa kisiwa cha Lewis utabaki na daktari wa kuja na kuondoka, huyu wiki hii, yule wiki ijayo. Ndiyo maana bado nakubali kusaili. Natafuta hata kijana mmoja anayeweza kukaa mahali kama hapa bila kulia.

Jumamosi, 7 Desemba

Effie, binti yangu, kapiga kutoka Australia, kwa kompyuta kama kawaida. Hupiga Jumamosi kwa sababu anajua Jumapili sipokei, hata angekuwa mfalme. Kaniuliza kama nakula. Kaniuliza kama nalala. Nikamwitikia. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Mama, upo?"

"Nipo. Ningekuwa wapi?"

Akaanza kunisimulia habari za watoto. Ana haraka siku hizi, huyu binti. Anauliza swali na hangoji jibu.

Jumanne, 10 Desemba

Leo tumewasaili saba. Wanne wamesema "nina shauku". Mmoja alikuwa na paka.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Taa hazikuzimwa hata mchana. Effie kauliza, "Mama, unataka nije Februari na watoto?" Moyo ulinijaa. Nikamwitikia pale pale. Akakaa kimya, kisha akasema, "Basi, tutaona." Tutaona nini? Nimeshakubali.

Nitaandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa Septemba, Tormod alipokuwa amelala chumba hiki hiki na miguu imeanza kupoa, Effie aliniuliza kwa kompyuta hii, "Nije sasa, Mama, au nisubiri?" Nilimwitikia: njoo sasa. Hakuja. Alifika baba yake akiwa ndani ya sanduku. Alikuja kuzika, hakuja kuaga. Nimemlea mwenyewe, na sijui nilimkosea wapi hata akawa hivyo.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani. Kisha supu kwa Dolina, nesi wangu, ambaye huweka pilipili manga hadi mtu atokwe machozi bila sababu. Nilikuwa nayo sababu.

Jumatano, 1 Januari

Effie hajasema lolote kuhusu Februari. Sitamuuliza. Mtu hambembelezi mwanawe kuja nyumbani.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimekasirika, na sijui namkasirikia nani.

Swali la mwaka huu ni la ukweli. Mwigizaji anakuwa mgonjwa aliyekuja na uvimbe titini, daktari akamwambia si kitu, arudi nyumbani. Sasa ni saratani na imesambaa. Mwombaji anaambiwa: wewe ni mwanafunzi wa daktari huyo, umekaa na mgonjwa, zungumza naye. Hakuna jibu la kukariri. Wengine hukimbilia "tutachunguza". Wengine humpa pole mpaka pole inaisha maana. Mwigizaji wetu ni mzuri, hupandisha swali taratibu mpaka lile la mwisho: "Niambie tu. Mlikosea?"

Wa tatu leo alikuwa binti, jina la kwanza Isbeil. Alipofungua mdomo tu nikajua ni wa visiwa vya kusini mwetu, Uist au karibu na hapo. Simjui yeye wala watu wake, kwa hiyo sikujitoa. Nakiri nilinyooka kwenye kiti.

Alikuwa na uso mpana, nywele kazifunga kwa ovyo, na alimsikiliza yule mwanamke kama anamsikiliza mtu wa kweli. Hakumkatiza. Mwigizaji alipolia, hakuanza kutafuta maneno. Alingoja. Nilianza kumpenda. Nilianza hata, Mungu anisamehe, kumwona amekaa kwenye kiti changu pale zahanati.

Kisha mwigizaji akauliza: "Niambie tu. Mlikosea?"

Binti akamtazama moja kwa moja. Midomo ilifunguka kidogo. Kimya. Hakuna kitu. Mwigizaji akangoja, naye binti akangoja, kana kwamba zamu ni ya mwenzake. Mwigizaji akauliza tena, sauti imeshuka: "Mlikosea?" Uso ule ule, kimya kile kile. Muda ukaisha, akatoweka kwenye kioo cha kompyuta.

"Alikuwa anaenda vizuri mno," Profesa Garside akasema. "Kisha akajifungia mlango."

"Alilikwepa swali," nikasema.

"Mara mbili. Kwa mgonjwa anayekufa. Mimi nampa alama moja, ya chini kabisa, kwenye ukweli."

Nilitafuta la kumtetea, sikulipata. Nikampa moja. Moja kwenye ukweli haifidiwi na alama nyingine yoyote. Mwombaji ameanguka hapo hapo. Nimemhukumu kwa ukali zaidi kwa sababu ni wa kwetu. Kwetu hatufichi mambo hivyo.

Jumatano, 15 Januari

Mawimbi yamepanda hadi barabarani. Nimekula viazi na samaki wa chumvi. Sijamsahau yule binti.

Jumamosi, 18 Januari

Effie. "Unanikasirikia, Mama?" Nikamwambia hapana. Akauliza kama nimelikumbuka kaburi la baba, kama nimelipelekea jiwe jipya. Nikamwitikia. "Mama?" Nikamwitikia tena. Akasema ana kazi, akakata. Ndivyo tulivyofika.

Ijumaa, 24 Januari

Dhoruba. Umeme umekatika adhuhuri, na mtandao ukafa nao. Paa la banda la Dolina limeenda zake. Nimeketi karibu na moto wa mboji, ule udongo mkavu tunaouchoma huku badala ya kuni, nikisikiliza nyumba ikilia kwenye maungio.

Jumamosi, 25 Januari

Niandike polepole.

Upepo umeshuka asubuhi lakini mtandao haujarudi. Ikalia simu ya mezani, ile ya zamani yenye waya, ambayo huwa ninaifuta vumbi tu. Alikuwa Effie. Amesikia habari za dhoruba, amenitafuta tangu jana kwenye kompyuta hakunipata.

"Mama, uko salama?"

Nikamwitikia.

Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia analia, mtu mzima mwenye watoto watatu, analia kwa kwikwi.

"Effie, kuna nini? Watoto wazima?"

"Nimekusikia," akasema.

"Umesikia nini?"

"Pumzi yako. Ile pumzi yenu. Sijaisikia tangu mazishi. Nilidhani umeamua kutonijibu."

Sikuelewa mara moja. Sikuelewa kwa sababu ni kitu ambacho sijawahi kukiangalia, kama mtu asivyoangalia anavyopepesa macho. Huku kwetu mtu akikubali jambo dogo atasema ndiyo. Jambo likiwa zito halisemwi. Mtu huvuta pumzi ndani ghafla, kwa mdomo uliofunguka kidogo, kama aliyetia mguu kwenye maji baridi. Ndiyo hiyo. Ndiyo kubwa kuliko zote. Tormod alinikubali kanisani kwa pumzi hiyo, mchungaji ikabidi amwombe atamke kwa ajili ya sheria.

"Kila nikikuuliza kitu cha maana unanyamaza," Effie akasema. "Unanitazama tu. Nikasema, basi, Mama kaniwekea kinyongo. Nikuambie ukweli, nimekuwa nikiogopa kukupigia."

"Nilikuwa nakujibu."

"Sikusikia kitu, Mama. Hata mara moja."

Nikamuuliza, na sijui nilipata wapi nguvu ya kuuliza: "Na mwezi wa Septemba? Uliponiuliza uje au usubiri?"

"Ulinyamaza. Nikaona basi bado, ungesema kama ni sasa. Nikasubiri."

Tulilia pamoja, kila mtu na sikio lake kwenye simu. Hakuna cha kufanya na jambo hilo. Tormod alikuwa akiutazama mlango siku zile mbili za mwisho, nami nikimlaani moyoni mwanangu ambaye hakuwa na kosa. Nimemwomba msamaha. Amesema hakuna wa kumsamehe. Anakuja Februari.

Nimeweka simu chini, nikaenda kuongeza mboji motoni, na hapo ndipo nilipomwona tena yule binti wa Uist: macho amemkazia mwigizaji, midomo imefunguka kidogo, anangoja, maana ameshajibu.

Ameshajibu. Mara mbili.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani. Mwimbishaji alitanguliza mstari wa zaburi wengine wakafuata, lakini mimi nilikuwa bado kwenye uso wa yule binti.

Jumatatu, 27 Januari

Mtandao umerudi. Kabla ya kumpigia mtu nilitaka kuwa na hakika. Nikamkalisha Dolina kwenye kompyuta ya zahanati, mimi nikaingia chumba cha pili na yangu. Sikumwambia sababu.

"Niulize kitu," nikasema.

"Nikuulize nini, Daktari?"

"Chochote cha maana."

"Haya. Unajuta kutoolewa na yule mwenye duka la nyama?"

Nikavuta pumzi, kwa nguvu, kwa utani.

"Nakuuliza," Dolina akasema. "Mbona umeachama tu kama samaki?"

Tulijaribu mara nyingi. Mdomo aliuona, sauti hakuipata. Kisha nikakumbuka kichujio cha sauti cha kompyuta yangu. Chuo kiliagiza kila mtu, msaili na msailiwa, akiwashe, kwa sababu mwaka wa kwanza upepo wa hapa ulinguruma masikioni mwa wote. Kinaondoa upepo, feni, mbwa, na kila kisicho neno, nami sikuwahi kukizima, hata nikizungumza na Effie. Nilikizima. "Unajuta?" Dolina akauliza tena. Nikavuta pumzi.

"Aa, kumbe unajuta," akasema. "Na marehemu Tormod je, nikamweleze?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikaniishia. Majira manne ya baridi na kichujio kile. Ni vijana wangapi wa visiwani, wangapi wa milimani, walijibu lile zito kuliko yote kama walivyofundishwa na mama zao, nasi tukaandika: hakujibu? Hilo sitalijua kamwe.

Mchana nikampigia Bi Sutherland, mkuu wa udahili. Kanisikiliza kwa adabu. Alama zimeshafungwa, akasema, na barua zinatoka mwezi ujao. Hakuna kilichorekodiwa. Tena nimemtaja mwombaji kwa asili yake, jambo lisiloruhusiwa. Nikamwambia aniitie kikao.

Alhamisi, 30 Januari

Kikao, kwa kompyuta, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Walikuwa sita kwenye visanduku vyao. Profesa Garside alikuwepo na rafu yake.

Nilieleza. Niliona nyuso zikijitahidi kuonyesha upole. Mmoja akauliza kama kuna utafiti wowote kuhusu pumzi hii. Mwingine akasema kila jamii ina mambo yake, na tukianza hivi hatutamaliza.

Bi Sutherland akasema, "Daktari, nikuelewe vizuri. Njia pekee ya kurudia usaili wa mwombaji mmoja ni msaili kutamka kwamba hukumu yake mwenyewe ilikuwa na kasoro. Ukitamka, alama zako zote za msimu huu zitaondolewa, waombaji watahesabiwa kwa alama za wengine, na hutakaa tena kwenye jopo letu. Umri wako na sifa yako, sipendi iishie hivyo. Kwa hiyo nakuuliza. Ulikosea?"

Nikavuta pumzi.

Wote sita wakaendelea kunitazama. Wakangoja. Niliwaona wakingoja, na nilijua wanachokiona: mwanamke mzee anayelikwepa swali. Nikafahamu alivyokuwa amekaa yule binti, peke yake na jibu lake. Nikawaacha kidogo hivyo hivyo.

"Nimekujibu, Bi Sutherland," nikasema. "Sasa hivi. Hamkusikia. Basi nitatamka: nilikosea."

Profesa Garside akakohoa. Nilijiandaa kwa kisu.

"Mimi pia nilimpa moja," akasema. "Na mimi ndiye niliyesema kwanza. Kama yeye anaondoka, niandikeni pamoja naye. Ila naomba niruhusiwe kukaa kwenye usaili huo wa marudio. Chumbani, si kwenye kioo. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Nimemsema vibaya mtu huyu kwenye kurasa hizi. Sitafuta, lakini naandika hapa kwamba nilimkosea.

Ijumaa, 31 Januari

Barua fupi: marudio yamekubaliwa. Mimi sitakuwepo, wala sitaarifiwa matokeo. Asante kwa miaka yangu ya utumishi.

Jumatano, 12 Februari

Effie na watoto wamefika. Mdogo ana masikio ya Tormod. Nyumba imejaa viatu.

Ijumaa, 14 Februari

Tumekwenda wote makaburini. Jiwe jipya ni zuri. Effie alisimama mbele yake kwa muda, akaanza kuzungumza na baba yake kwa sauti ya kawaida, habari za kazi, za joto la kule, za mtoto anayejifunza kuogelea. Nikawachukua wajukuu tukaenda kuangalia kondoo.

Jumanne, 18 Februari

Simu ya mezani. Profesa Garside, sijui namba kaitoa wapi.

"Sipaswi kukupigia," akasema.

"Basi usiseme lisilopaswa kusemwa."

"Nitakuambia nilichosikia mimi, si nilichoandika. Tuliketi chumba kidogo, karibu kama mimi na meza hii. Mwigizaji mwingine, swali lile lile. Aliposema 'mlikosea?'..." Nikamsikia akivuta kiti. "Daktari, nimekuwa nikisikiliza vifua kwa miaka mingi. Nilidhani najua pumzi. Ile ilinisimamisha nywele."

"Na mwigizaji?"

"Mwigizaji alimshika mkono. Haikuwa kwenye maelekezo yake."

Nikabaki nimeishika simu. Naye hakunisukuma.

"Upo?" akauliza baadaye.

Nikamwitikia, kwa namna yetu.

"Nimesikia," akasema Profesa.

Jumatatu, 24 Februari

Wameondoka. Nyumba ni kubwa mno.

Alhamisi, 13 Machi

Wana-kondoo wa kwanza wameonekana. Nafasi yangu imetangazwa mara ya nne.

Leo, katikati ya kazi, Dolina kaingia na trei ya sindano, uso unamng'aa. Binamu yake kampigia kutoka Uist. Kijiji kizima cha huko hakijalala. Binti wa jirani yao, Isbeil, mtoto wa mwendesha basi la shule, kapata nafasi ya udaktari, wa kwanza kwao tangu dunia iumbwe. Mama yake kaoka keki mpaka unga umekwisha dukani.

"Wanasema alidhani ameanguka," Dolina akasema. "Kisha wakamwita tena, hakuna ajuaye kwa nini. Yeye mwenyewe hajui. Anadhani walichanganya majina." Akaweka trei mezani, akanitazama kwa makini. Dolina si mjinga; aliniuliza kwa wiki nzima juu ya ule mchezo wa kuachama kama samaki. "Daktari, si unakaa kwenye jopo lile? Ni wewe?"

Pumzi ilikuwa imeshaanza kuingia yenyewe. Nimeapa kwa Mungu na kwa chuo, na binti yule anastahili kuingia darasani bila deni kwa kikongwe yeyote. Nikaufunga mdomo. Nikaizuia kifuani, ikaniuma kama ubavu uliovunjika, nikajifanya nasoma jina la mgonjwa anayefuata, mpaka Dolina alipochukua trei yake akatoka.